Siku ya Kikao, Kichwa Kinapouma

Anayeanza tiba ya kiwewe huambiwa ajiandae kwa machozi. Ni nadra kuambiwa ajiandae kwa maumivu ya kichwa. Basi anatoka kwenye kikao katikati ya jiji la Durban, anapanda teksi ya kurudi Pinetown, na kabla gari halijamaliza kupita Westville paji la uso limeshaanza kubana, shingo imekaza, na mwanga wa jua unamchoma macho. Usiku hawezi kuvumilia kelele za watoto. Asubuhi anachelewa kazini. Wiki inayofuata simu ya kumkumbusha miadi inaita mpaka inakatika yenyewe, kwa sababu ameshajisemea moyoni kwamba ile tiba inamzidishia ugonjwa.

Nawaandikia watu hao, na najua si wachache. Pinetown na mitaa inayoizunguka ina Wakongo kutoka Kivu, ina Warundi, ina Watanzania waliokuja kutafuta riziki. Wapo wanaosuka nywele, wanaolinda magari kwenye maegesho, wanaolala mchana na kukesha getini. Wengi walibeba jambo zito tangu kwao, kisha wakaongezewa mengine hapa: fujo dhidi ya wageni za mwezi Mei 2008 na Aprili 2015, uporaji na moto wa Julai 2021, mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal. Mtu wa namna hiyo akikaa mbele ya mwanasaikolojia na kufungua mdomo, si ajabu kichwa kikaitikia.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Maumivu hayo ni ya kweli, huyabuni, na hayamaanishi kwamba tiba imeshindwa. Kwanza hakikisha si ugonjwa mwingine. Ukishahakikisha, yapeleke kwenye kikao chenyewe, mezani, mbele ya mtaalamu wako, ayatumie kupima mwendo wa kazi mnayoifanya. Wengi humeza tembe na kunyamaza, na mtaalamu naye anaendelea kukaza mwendo kwa sababu hajui.

Tuanze na hali ya akili kupotea, maana bila kuielewa hutaelewa kichwa chako. Hofu ikimzidi mtu na hana pa kukimbilia, akili yake huweza kujiondoa. Mwili unabaki palepale, yeye anakuwa mbali. Mfaransa Pierre Janet aliieleza hali hii kwa kina katika kitabu alichochapisha mwaka 1889, na siku hizi wataalamu huiita disosiesheni. Sisi tunaweza kusema kujitenga kwa nafsi. Umekaa kwenye kiti, sauti ya mshauri inaanza kusikika kutoka mbali. Mikono iliyo mapajani unaiona ila huisikii kuwa yako. Unazinduka na kukuta nusu saa imepita, au umeshuka kwenye stendi ya Pinetown na huikumbuki njia. Kwa baadhi ya watu, hasa walioumizwa tangu utotoni na kwa miaka mingi, nafsi hugawanyika zaidi: kuna sehemu inayofanya kazi na kulea watoto, kuna sehemu iliyobaki na hofu, kuna sehemu yenye hasira, na kila moja ina kumbukumbu zake. Huo si wazimu. Ndivyo mtoto aliyejificha chini ya kitanda risasi zikilia alivyoweza kuendelea kuishi.

Sasa kichwa kinaingiaje? Kwa njia kadhaa, na mara nyingi zote kwa pamoja. Anayekumbuka jambo la kutisha huuma meno bila kujua, hupandisha mabega, hukaza misuli ya shingo na ya kisogo, hushika pumzi au huhema harakaharaka. Akae hivyo dakika 50, misuli hiyo huweza kuuma, na maumivu yake hupanda mpaka kichwani na kukizunguka. Ongeza machozi, ongeza joto la unyevunyevu la Durban, ongeza kwamba hakula asubuhi kwa wasiwasi na hakulala usiku kwa ndoto mbaya. Kwa mwenye kipandauso, kila kimoja katika hivyo kinaweza kukiamsha.

Kuna jambo lingine linalowashangaza watu: kichwa kuuma baada ya kikao chenyewe kwisha, wakati roho imeanza kutulia. Mwenye kipandauso anaweza kupatwa hasa pale msongo unaposhuka, ndiyo maana wengine huumwa siku ya mapumziko na si siku ya kazi. Aliyebeba ndoo kichwani kwa mwendo mrefu mara nyingi huisikia shingo yake baada ya kuitua. Kwa hiyo maumivu ya saa 12 jioni baada ya kikao cha saa 4 asubuhi hayana maana kwamba umeharibiwa kitu.

Halafu kuna maumivu yanayokuja katikati ya mazungumzo, ghafla, mara tu mada fulani inapoguswa. Watu ambao nafsi zao zimegawanyika huyaeleza sana haya: shinikizo nyuma ya macho au kwenye paji, kisha wanapotea, au sehemu nyingine ya nafsi inashika usukani. Wataalamu wengi wanaohudumia watu hawa huyachukulia kama dalili ya mvutano wa ndani. Sehemu moja inataka kusema, nyingine inaona kusema ni hatari, kwa sababu zamani kusema kulikuwa hatari kweli. Nitarudi kwenye hili.

Kabla ya kuhusisha kila kitu na kiwewe, nenda ukapimwe. Nasisitiza kwa sababu nimewasikia watu wakiambiwa kirahisi "ni mawazo tu" wakati hakuna aliyewapima hata presha. Kama uliwahi kupigwa kichwani, iwe vitani, barabarani au katika zile fujo, mwambie daktari hata kama ni miaka 10 iliyopita. Kama watu wanasema unakodoa macho na huitikii, unatafunatafuna, unajikojolea au unaanguka, daktari lazima afikirie kifafa, kwa maana aina fulani za kifafa hufanana sana na kujitenga kwa nafsi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kama unaishi na virusi vya UKIMWI na umeacha dawa au kinga imeshuka, kichwa kinachouma siku baada ya siku si cha kusubiri. Kinaweza kuwa fangasi au kifua kikuu kwenye utando wa ubongo, na vyote huua vikicheleweshwa. Mjamzito aliyepita miezi mitano akiumwa kichwa sana, akaona nyotanyota au kuvimba uso, aende siku hiyohiyo akapimwe presha na mkojo.

Usisubiri miadi, piga 112 kwa simu ya mkononi au 10177 uombe ambulensi, ikiwa kichwa kimelipuka ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuijua. Ikiwa kuna homa na shingo haipindi. Ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea au maneno yanatoka yakiwa yamevurugika. Ikiwa umeumia kichwani na sasa unatapika na kusinzia. Na kwa yeyote aliyevuka miaka 50 ambaye hakuwa na tabia ya kuumwa kichwa, maumivu mapya yanahitaji daktari, hata kama yalianza siku moja na tiba.

Jambo la nyumbani nalo lisisahauliwe. Wakati wa baridi, Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Kichwa kinachouma kila ukiamka, na mkeo naye kinamuuma, na watoto nao wanalalamika, hicho ni kichwa cha moshi usioonekana. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Toa jiko nje, fungua madirisha, na anayehisi kizunguzungu apelekwe hospitali.

Kuhusu kliniki. Huduma ya msingi katika kliniki za serikali ni bure, na Sheria ya Wakimbizi namba 130 ya 1998 inampa mkimbizi haki ya huduma za msingi za afya. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Najua pia kwamba mwaka 2025 makundi ya watu yalisimama kwenye malango ya baadhi ya hospitali na kliniki za Durban yakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni, na kwa mtu mwenye kiwewe kuzuiwa mlangoni namna ile kunatosha kumrudisha miaka 20 nyuma. Ukihofia lango, usiende peke yako. Beba hati yako na nakala yake. Denis Hurley Centre, jirani na Kanisa Kuu la Emmanuel na Msikiti wa Juma, ina kliniki inayohudumia wakimbizi na watu wasio na makazi. Na shirika la Lawyers for Human Rights lina ofisi Durban kwa anayenyimwa haki yake. Kwa walio upande wa Pinetown, hospitali ya St Mary's iko Mariannhill.

Ukifika kwa sista, usiseme tu "kichwa kinauma". Foleni ni ndefu na dakika zako ni chache. Sema: "Kichwa kinaniuma siku 12 kwa mwezi, zaidi baada ya kikao cha ushauri. Kinabana pande zote, au kinapiga upande mmoja na mwanga unanisumbua. Wakati mwingine napoteza dakika kadhaa na sikumbuki. Niliwahi kupigwa kichwani. Ninameza tembe hizi." Zitoe mfukoni umwonyeshe, zote, hata zile ulizopewa na jirani.

Hizo tembe zinastahili maneno ya peke yake, maana ndizo zinazowazamisha wengi. Kwenye spaza, yaani viduka vya mtaani, na kwenye duka la dawa, kuna poda na tembe za kichwa zenye mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini, na nyingine zina kodeini. Zinasaidia kweli siku ya kwanza. Lakini mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa akitumia dawa za mchanganyiko au zenye kodeini siku 10 au zaidi kwa mwezi, au parasetamoli na ibuprofeni za kawaida siku 15 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu. Kichwa kinauma kwa sababu dawa imeisha mwilini, unameza nyingine, kesho kinauma tena. Dalili yake ni kuamka nacho kila asubuhi na mkono kwenda kwenye pakiti kabla ya kwenda kwenye maji ya kunawa. Tiba yake ni kuziacha, na siku za mwanzo huwa ngumu kabla ya nafuu. Kama umezoea kodeini kila siku, usiikate ghafla peke yako. Mwombe sista au daktari akupangie.

Kwa mtu anayejitenga na nafsi yake kuna sababu ya ziada ya kuiogopa kodeini, na pombe, na vidonge vya usingizi vya kuazimana. Vyote hivyo huleta ukungu, na wewe shida yako ni ukungu. Ukihitaji dawa siku ya kikao, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini gramu moja ya parasetamoli yatosha, usizidishe gramu nne kwa siku nzima, na kumbuka zile poda nazo zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni imezwe na chakula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba bila kumuuliza daktari. Kama umeanzishiwa fluoxetine au dawa nyingine ya mfadhaiko, ujue huweza kuleta kichwa katika wiki za mwanzo na mara nyingi hupita. Tramadol isichanganywe nayo bila daktari kujua. Kwa wanaoumwa mara kwa mara, daktari anaweza kutoa amitriptyline kwa dozi ndogo usiku. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, inayozuia kichwa kisianze na kusaidia usingizi, ingawa hukausha mdomo. Ila ni hatari sana ikimezwa nyingi kwa pamoja. Kama mawazo ya kujiua yanakutembelea, sema wazi ili upewe chache chache, na mtu unayemwamini akutunzie. Namba ya bure ya msaada, 0800 567 567, hupokelewa usiku na mchana.

Sasa turudi kwenye kikao, maana huko ndiko unakoweza kubadilisha mengi.

Kula kabla ya kwenda. Uji, mkate na yai, chochote. Chukua chupa ya maji. Kama umezoea chai au kahawa, kunywa kiasi chako cha kila siku, kwa kuwa kuikosa ghafla nako huumiza kichwa. Aliyetoka lindo la usiku asiunganishe moja kwa moja na kikao. Aombe miadi ya mchana, alale kwanza hata kwa muda wa saa tatu. Ukiweza, usipange kikao kizito siku ambayo jioni yake una zamu.

Ndani ya kikao, kabla ya yote, kubalianeni na mtaalamu ishara ya kusimama. Mkono ukiinuka, mnasimama, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Mwambie pia ishara za mwilini zinazotangulia kupotea kwako: kwa mmoja ni masikio kuziba, kwa mwingine ni shinikizo katikati ya nyusi, kwa mwingine ni baridi vidoleni. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kichwa chako. Huweza kuanza kubana dakika chache kabla hujaondoka, na ukijifunza kutamka kwamba kinabana mara kinapoanza, mtapata nafasi ya kupunguza mwendo kabla hujapotea. Sema tu, "kichwa kimeanza." Mtaalamu mzuri ataacha kuuliza habari za usiku ule na kukuuliza unaona rangi gani ukutani.

Hapo kuna mitego. Watu wengi huambiwa wafumbe macho wavute pumzi ndefu. Kwa mtu wa kawaida sawa, ila kwa anayejitenga, kufumba macho ni kufungua mlango wa kuondokea. Wewe acha macho wazi. Yazungushe chumbani polepole, taja kwa sauti vitu unavyoviona, taja siku na mwaka na mahali: leo Jumanne, niko Durban, dirisha lile linatazama barabara. Toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Legeza taya, ulimi uache kugusa kaakaa, shusha mabega. Kama unahisi kuzirai, mwili unalegea na macho yanaingia giza, fanya kinyume cha kulegea: pishanisha miguu, kaza mapaja na matako, achia, kaza tena. Wataalamu wanaotibu manusura wa vita hutumia mbinu hii kwa sababu huzuia presha isishuke. Kaza miguu, usikaze shingo. Na kama ukijirudisha kwa harufu kali ya tangawizi au ndimu kichwa kinazidi, basi huenda wewe ni mtu wa kipandauso; tumia mguso badala yake, tasbihi au rozari mkononi, kitambaa cha maji baridi kisogoni.

Dakika 15 za mwisho zisiwe za kumbukumbu nzito. Omba hivyo waziwazi, ni haki yako. Mtu asitolewe nje huku akili yake bado iko Uvira, kule Kongo. Aongee kuhusu safari ya kurudi, atakula nini, nani yuko nyumbani. Kisha akae mapokezi kidogo kabla ya kwenda kugombania kiti. Kwenye teksi omba kiti cha dirishani, na kama muziki umefunguliwa mpaka bati linatetemeka, subiri inayofuata ukiweza.

Nilisema nitarudi kwenye kichwa kinachokuja mada fulani inapoguswa. Ushauri wangu ni kutokukivunja kwa nguvu. Wapo wanaodhani tiba ni kutoa yote, haraka, hata kwa maumivu, ili liishe. Daktari Mmarekani Judith Herman, katika kitabu chake cha 1992, alizipanga hatua za kupona kuwa tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi katika maisha na watu. Hatua ya kwanza kwa mtu anayejitenga sana huweza kuchukua miezi mingi, na si kupoteza muda. Kichwa kikikataa, jiulizeni kwa upole mnachokigusa ni nini, na ni sehemu gani yako inayoogopa kisisemwe, na inaogopa nini kitatokea. Mara nyingi jibu ni la kizamani: wataniua, mama atajua, nitafukuzwa. Sehemu hiyo inahitaji kuambiwa mwaka ni upi na ni nani aliyefungiwa nje ya mlango huu. Mkiisikiliza, maumivu yanaweza kulegea hapohapo. Lakini kazi hii ifanyike na mtaalamu, wala si na shemeji sebuleni.

Usiogope kwamba kusimulia hakuna faida. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuendesha tiba ya masimulizi kwa Wanyarwanda na Wasomali wenzao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha dalili za kiwewe zilipungua sana. Kusimulia kunaponya pale msimuliaji anapobaki chumbani. Akiwa ameondoka, maneno yanatoka na hofu inabaki, na jioni kichwa kinalipa.

Lugha pia huumiza kichwa. Kueleza ubakaji kwa Kiingereza cha kuokoteza, huku unatafuta neno, ni kazi mara mbili. Omba mkalimani, na uwe na masharti. Asiwe mwanao, kamwe, hata kama ndiye anayejua Kiingereza na Kizulu vizuri nyumbani. Una haki ya kuuliza anatoka wapi na kumkataa bila kueleza. Mtu wa Fizi au wa Minembwe, kule Kivu, anajua kwa nini nasema hivi: mkalimani anaweza kuwa wa upande uliomuumiza. Mkalimani wa mbali kwa simu wakati mwingine ni bora kuliko jirani mnayesali naye kanisa moja.

Angalia na kalenda. Durban ni jiji la fataki: Diwali mwezi Oktoba au Novemba, kisha mkesha wa mwaka mpya. Kwa watu wa Makobola, kule Kivu, ambao ndugu zao waliuawa kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, milio ile inaangukia siku zilezile za msiba. Mwingine ana Aprili yake, mwingine Julai, na harufu ya tairi linaloungua barabarani haisubiri tarehe. Mpe mtaalamu tarehe zako mapema, ili wiki hizo ziwe za kutuliza tu, bila kuchimba. Katika daftari dogo andika kila siku mistari michache: kichwa kimeuma au la, ulilala saa ngapi, ulikula, ulimeza nini, kulikuwa na kikao, ulipotea. Andika uliyoyaona tu, usiandike kisa chenyewe. Baada ya mwezi mmoja utaona jambo ambalo hakuna daktari angeliona kwa dakika tano.

Nizungumze na wachungaji na masheikh, na ninyi mnaowaamini. Mtu anayepotea na kuongea kwa sauti nyingine, kwetu pwani ataambiwa ana pepo, na kanisani ataombewa mpaka alfajiri. Sala inatuliza wengi, na simwambii mtu aiache. Ninachoomba ni kwamba asishikwe kichwa na kutikiswa, asipigiwe kelele masikioni, asilazimishwe kufunga bila maji wiki ya kikao, na asiambiwe kutupa dawa. Manusura wa kushikwa kwa nguvu hawezi kuponywa kwa kushikwa kwa nguvu. Anayefunga Ramadhani apunguze kahawa taratibu wiki mbili kabla, na aongee na daktari kuhusu saa za dawa.

Nyumbani, mke au mume asiulize "leo umesema nini?" mlangoni. Aulize, "kichwa kikoje?" Watoto waambiwe ukweli mfupi: mama ametoka kliniki, kichwa kinamuuma, atalala kwenye chumba chenye giza kwa muda wa saa moja, halafu tutakula pamoja. Maji, kitambaa baridi, supu. Kama ameduwaa, mwite kwa jina kwa sauti ya kawaida, mwambie wewe ni nani na mko wapi, wala usimguse kabla hajakutambua.

Na kama umeshaacha kwenda, kwa sababu ya kichwa, piga simu. Huna haja ya kujitetea. Sema kwamba baada ya vikao viwili vya mwisho uliumwa kichwa siku nzima na ukapotea njiani, kwamba umeshapimwa au unakwenda kupimwa, na kwamba unaomba kikao kifupi cha nusu saa kisichogusa habari za zamani, cha kupanga tu mtaendaje kuanzia sasa. Mtaalamu akikujibu kwamba lazima uvumilie, omba mwingine.